Yupo Mwenye Pingamizi?

Tarehe 3 Februari

Kasuku mdogo wangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu umekuwa mtu wa "mtandao mbaya, dada." Na mtandao wenyewe huharibika nikitaja kiwanja tu! Nikikuuliza habari za wifi na watoto, unasikika kama umekaa jikoni kwangu. Basi karatasi haina mtandao. Tuone utaikatia wapi.

Habari ni hii. Baraza la mji limekubali kutujengea wodi ya wazazi. Miaka yote nimewapigia magoti, hatimaye wamekubali. Vitanda ishirini, chumba cha upasuaji, na choo chenye mlango unaofungika. Ramani imebandikwa ukutani kliniki na akina mama wanaipapasa kama wanachagua kitambaa. Wewe hujui hali yangu huku. Nina chumba kimoja na vitanda vitano. Wiki jana nimemzalisha mama mmoja kwenye benchi la nje, mvua inapiga, mume wake kashika mwavuli na mimi namfokea aache kutetemeka.

Kilichobaki ni ardhi, na ardhi ipo: kile kiwanja cha ufukweni alichotuachia mama, kando ya kliniki. Kwa kuwa kina majina yetu wawili, wanataka saini mbili. Yangu nimeshaitia. Karatasi ya ridhaa iko ndani ya bahasha hii, tia yako chini ya yangu urudishe. Mama naye alikuwa mkunga. Hata angeamshwa usingizini angekubali.

Shemeji yako anakusalimu.

Dada yako,
Mkunga


Tarehe 12 Februari

Shikamoo dada,

Barua imefika salama. Hongera sana kwa wodi, na sisemi kwa mdomo tu. Najua ulivyohangaika.

Ila nakuomba kitu kimoja: usiwape kile kiwanja. Si ubahili. Bahari inapanda, na pale ufukweni haitachukua muda mrefu kama watu wanavyodhani. Wodi inajengwa ili wajukuu wetu wazalie humo. Mimi sioni pale pakifika huko. Waambieni baraza watafute mahali pa juu.

Karatasi nimeiweka vizuri. Sijaipoteza, na sijaitia saini. Mengine siwezi kuyaandika. Niamini tu, ndiyo kazi yangu kupima bahari.

Nyumbani wote wazima. Vipi, nyumba yenu mlishaipaka rangi?

Mdogo wako,
Kasuku


Tarehe 19 Februari

Kasuku,

Niamini tu! Umeniona mtoto?

Jana mhandisi wa baraza amekuja kliniki na ripoti yenye jalada la bluu, kutoka ofisini kwenu. Ametusomea kwa sauti. Watoto wanaozaliwa leo wakishazeeka, bahari itakuwa imepanda kiasi cha goti la mtu mzima. Kiwanja chetu kiko juu ya hapo, kwa hiyo panafaa. Halafu akafungua ukurasa wa mwisho akasoma majina ya jopo lililoandika, na jina lako likiwemo. Watu wakanigeukia: "Huyo si ndugu yako?" Nikatabasamu kama bibi harusi, na ndani natokota.

Sasa nieleze vizuri. Mji mzima unauambia goti. Mimi unaniambia nikimbie. Mdomo ni huo huo mmoja. Ama umewadanganya wao, ama unanidanganya mimi, na wao ni wengi zaidi.

Nimekulea mimi. Ukiwa na jambo unalificha, unaanza kuulizia rangi ya nyumba. Ulivunja birika la mama, ukaja kuniuliza kama kuku wametaga. Kwa hiyo nauliza waziwazi: ni nani anakitaka kile kiwanja? Ni yule mwenye hoteli, aliyekuwa akija kukipiga picha mwaka jana? Amekuahidi nini?

Nataka jibu la maandishi, si la kupigiwa simu na maneno matamu.

Mkunga


Tarehe 27 Februari

Dada,

Mwenye hoteli simjui hata kwa sura. Soma hii polepole, halafu uichome.

Hakuna uongo, kuna mabishano. Dunia ikipata joto maji ya bahari yanatanuka, na barafu iliyo nchi kavu inayeyuka na kumiminikia humo. Hapo hatugombani sana. Ugomvi uko kwenye lile barafu kubwa la kusini kabisa mwa dunia. Sehemu yake imekaa juu ya mwamba ulio chini ya usawa wa bahari, na maji ya vuguvugu yanalila kwa chini. Wenzangu wengine wanasema litaondoka taratibu, watu watapata nafasi ya kujipanga. Wengine, na mimi nimo, tunaogopa kwamba likianza kumeguka hakuna kitakachoizuia kasi yake. Wa kwanza wanasema goti. Sisi tunasema huenda ikawa kiuno, huenda kifua. Ona nilivyoandika huenda. Hakuna aliye na hakika, hata mimi.

Ripoti inaandikwaje? Jopo letu lina mazoea yake. Mwenyekiti anasoma sentensi mojamoja, kisha anauliza: "Yupo mwenye pingamizi?" Yenye pingamizi inafutwa. Kwa hiyo kinachobaki si kile tunachokiogopa, ni kile ambacho hakuna aliyekikataa. Sentensi ya kiuno na kifua ilisomwa, mmoja akapinga, ikafutwa. Ikasomwa ya goti peke yake. Mwenyekiti akauliza. Mimi nikakitazama kikombe changu cha chai. Mkataba wangu unaisha Juni, na yeye ndiye anayeuongeza.

Basi umejua. Na kwa kuwa umeniuliza nani amenituma, nami niulize kidogo. Shemeji ni fundi mwashi. Wodi ya vitanda ishirini ni kazi kubwa ya matofali. Hiyo haraka ya saini ni yako peke yako? Sisemi neno, nauliza tu.

Kasuku


Tarehe 6 Machi

Wewe Kasuku wewe,

Barua yako sijaichoma. Iko chini ya godoro, na godoro nalilalia mimi.

Mume wangu muache alivyo. Yeye na saini wapi na wapi! Akitoka kazini ni kula na kulala. Usinigeuzie kibao.

Jumamosi alikuja yule dalali wa viwanja mwenye kofia ya kufuma, kamleta mkewe kupimwa mimba. Nampima mkewe, yeye anapiga soga mlangoni. "Mkunga, ndugu yako ana akili sana. Kile kiwanja cha kilimani, karibu na tangi la zamani, amekiwahi kabla watu hawajashtuka." Kidogo niidondoshe tepu ya kupimia tumbo.

Kumbe! Mimi nakaa hapa naumiza kichwa na barafu la kusini, mwenzangu ameshapanda kilimani kimyakimya. Mji unauambia goti ili ulale. Wewe mwenyewe unanunua juu. Siku watu watakaposhtuka, watakuja kwako na vifurushi kichwani, na wewe utawauliza wanataka kipande cha upande gani. Mdogo wangu, umejifunza wapi roho hiyo? Nimelia, nakuambia ukweli. Nimelia mbele ya mke wa dalali, akadhani mimba yake ina tatizo.

Kama unaamini ulichoniandikia, kwa nini hukukisema palepale? Ulipokuwa mdogo nyumba nzima haikulala kwa domo lako, ndiyo maana tukakuita Kasuku. Leo unaulizwa tu yupo mwenye pingamizi, unatazama chai! Mimi ningesimama. Hata mbele ya nani, ningesimama.

Mkunga


Tarehe 14 Machi

Shikamoo dada,

Ndiyo, nimenunua kilimani. Nilikuficha. Dalali kakwambia kweli, ingawa nilimlipa chai yake akae kimya.

Sikununua ili niwauzie watu. Nilinunua kwa ajili yangu, wifi yako na watoto. Sitajipamba hapa: sikuifikiria wodi, na wewe sikukufikiria. Nilipotoka kwenye kile kikao nilimpigia dalali kabla sijafika nyumbani. Mtu anayeamini goti hafanyi hivyo. Kama unataka kujua ninaamini nini, iache ripoti, tazama ninapotaka kuchimba msingi.

Halafu nikuulize la kazini kwako. Uliwahi kuniambia kwamba mama yeyote akianza uchungu, unahakikisha damu ya kuongezewa ipo karibu. Wengi hawaihitaji. Wanajifungua wanakwenda zao. Mbona husemi kwa wastani akina mama hawavuji sana, tusijisumbue? Kwa sababu yule mmoja akivuja, hana nafasi ya pili. Mimi naiona bahari hivyo. Goti ndilo linalotarajiwa na wengi, lakini wodi haiwezi kuinuka na kutembea siku kifua kikija.

Ila kusimama mbele ya jopo siwezi. Nina watoto watatu, na ofisi za kazi hii si nyingi. Nitafukuzwa halafu nani atanisikiliza?

Mkutano wa wananchi ni wiki ijayo, huko kwenu. Barua yangu unayo. Ulisema wewe ungesimama. Basi simama uisome, usinitaje jina.

Kasuku


Tarehe 24 Machi

Kasuku,

Nilikwenda na barua yako kifuani, ndani ya sare, nimeibana kwa pini.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mbele walikaa akina mama wangu, matumbo na vichanga. Ramani ya wodi ilitundikwa juu ya meza kuu. Yule mama wa benchi alikuja na mtoto wake, amemvalisha soksi nyekundu. Mwenyekiti wa baraza akasoma: wodi ijengwe ufukweni, kwenye kiwanja cha mkunga na nduguye. Akavua miwani. Akauliza, "Yupo mwenye pingamizi?"

Nikanyanyuka. Nakuapia nilinyanyuka. Mama wa benchi akadhani nimesimama ili nishukuriwe, akaanza kupiga makofi, ukumbi mzima ukapokea, na vigelegele juu. Mkono wangu uko kifuani, naishika pini. Niliwatazama wale mama. Nikawaza kilimani bomba la maji halijafika, barabara bado haijachongwa, kuhamia huko ni miaka ya kungoja, na uchungu haungoji. Nikajiambia, maji ni ya kesho, benchi ni la leo. Nikatabasamu. Nikakaa.

Wewe ulitazama kikombe, mimi nilitazama ramani. Ni yaleyale, na nilikutukana kwa jambo ambalo nami lilikuwa linaningoja.

Kuna na jingine, nalisema uso chini. Shemeji yako amepewa kazi ya kuta. Aliiomba tangu Januari na hakunigusia. Kwa hiyo ulihisi sawa. Kwa sasa analala sebuleni.

Wanataka ridhaa yako mwisho wa mwezi ujao. Karatasi unayo. Sikuombi uisaini, wala sikuombi usiisaini. Bado sijakuamini sawasawa. Tatizo ni kwamba sasa sijiamini na mimi.

Dada


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Karatasi sikuitia saini. Nimeandika juu yake kwa herufi kubwa: NAPINGA. Chini nimeeleza sababu zote. Goti, kiuno, kifua, na huenda zote nimeziweka, nisije nikadai hakika nisiyokuwa nayo. Nimeeleza sentensi gani ilifutwa na kwamba mimi nilikuwepo nikanyamaza. Nimeweka jina langu, cheo changu na namba ya simu. Imekwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa baraza, nakala kwa mwenyekiti wa jopo.

Kile kiwanja cha kilimani nimekitoa, kwenye karatasi hiyohiyo, kwa ajili ya wodi. Wifi yako aliisoma kabla sijafunga bahasha. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikunja ramani ya nyumba tuliyochorewa, akaiweka kabatini chini ya mashuka, akaenda kulala kwa watoto. Bado yuko huko.

Watu watakuja kwako na maneno makali. Waambie hukujua lolote. Usinitetee, wewe unakaa nao na unafanya kazi nao. Mimi niko mbali, matusi yatachelewa kunifikia.

Kasuku


Tarehe 11 Aprili

Kasuku wangu,

Walikuja. Aliyetangulia ni yule mama wa benchi, mtoto mgongoni. "Mkunga, ndugu yako ametuuza. Amekula na mwenye hoteli." Moyo uliniuma, kwa sababu maneno hayo niliyaandika mimi kabla yake.

Nyuma yao akaja mwenyekiti wa baraza, mpole kama kawaida yake. Akanivuta pembeni, akaniambia kuna njia. Mimi ndiye mkubwa, saini yangu ipo, na ndugu yangu ana sababu za "huenda huenda" tu. Nikiandika kwamba hatuelewani kwa ajili ya urithi, baraza linaweza kuendelea bila saini yako. Urithi tu, hakuna atakayeuliza zaidi. Alikuwa na ile karatasi ya ridhaa mkononi na kalamu ameshaifungua.

Nilipokea kalamu. Akina mama wote wananitazama. Nikaikata saini yangu, mstari mmoja, kisha wa pili ili usisomeke vibaya. Nikawaambia, "Mlipouliza siku ile, nilikuwepo nikakaa kimya. Yupo mwenye pingamizi. Ni mimi." Nikafungua pini, maana barua yako ya Februari ilikuwa bado kifuani, nikawasomea tangu barafu mpaka kikombe cha chai.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama wa benchi aliondoka bila kuaga. Wengine walibaki wakaniuliza maswali ambayo sikuyaweza, nimewaambia utakuja kuyajibu mwenyewe. Utakuja, usinitafutie mtandao mbaya. Njoo na wifi. Nitaongea naye mimi, maana aliyepoteza nyumba ni yeye na hakuna aliyemuuliza.

Baraza wametuma mpimaji kilimani. Habari ya bomba hawajaitamka. Shemeji yako amepoteza kazi ya kuta. Juzi nimemwona nje na nguzo nne na mabati ya zamani, analipigia paa lile benchi. Amerudi chumbani.

Jana mvua ilirudi na vitanda vimejaa. Nimemzalisha mama mwingine palepale benchini, mtoto wa kike, na hakuna tone lililomfikia. Mtoto alipotulia, mama yake akaniuliza wodi itakuwa tayari lini. Nilitaka kumwambia karibuni, mama, karibuni, kama ninavyowaambia wote. Nimemwambia si mwaka huu wala ujao, na kwamba tuliokataa ni mimi na ndugu yangu.

Dada yako,
Mkunga